Darasa Lililo Ndani ya Lango la Kiwanda

Mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 hutengenezwa kwa vidole. Ua la mkahawa wa arabika hujichavusha lenyewe, kwa hiyo anayetaka kuzalisha mbegu chotara hana budi kuliwahi kabla halijafunguka. Huondoa sehemu za kiume bila kuumiza ya kike, kisha hulipaka chavua ya mkahawa mwingine uliochaguliwa. Maua ya kahawa hutoka kwa pamoja baada ya mvua na hayadumu. Aliyezoea hupita tawi hadi tawi kwa utulivu. Asiyezoea huharibu ua, na ua lililoharibika halizai mbegu.

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza kuwapa wakulima aina hiyo mwaka 1985, baada ya miaka mingi ya kutafuta mkahawa unaostahimili ugonjwa wa kuoza matunda na kutu ya majani. Wanasayansi ndio walioibuni. Hata hivyo, kuizalisha mbegu yenyewe kunategemea watu waliofundishwa shambani, wakiwa wameinama juu ya tawi huku mwenye uzoefu akiwatazama. Mhadhara unaweza kueleza kwa nini kazi hiyo hufanywa. Vidole hujifunza kwa kuifanya.

Hali ni hiyo hiyo kwa kazi nyingi zinazofanyika katika ukanda huu wa Kaunti ya Kiambu. Kati ya Ruiru na Thika, mwendo wa kilomita zipatazo 20, vyuo na viwanda vimesongamana kuliko sehemu nyingi za nchi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Ruiru kuna maziwa ya Brookside, chuma cha Devki, blanketi za Spinners and Spinners na mji mpya wa Tatu City, uliotengewa ekari 5,000 na unaozidi kujaa maghala, viwanda na ofisi. Thika kuna mafuta ya kupikia ya Bidco, mananasi ya Del Monte, sharubati za Kevian, makadamia ya Kenya Nut, vitambaa vya Thika Cloth Mills na magari yanayounganishwa na Kenya Vehicle Manufacturers. Katikati yake, Juja, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho kila mtu hukiita JKUAT. Ukiongeza Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Gretsa, Zetech, Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Thika na vyuo vidogo vingi vya mitaani, utaona kwamba kijana anayesoma hapa anaishi jirani kabisa na kazi anayosomea.

Ujirani huo haumfungulii mlango. Kila mwaka, hasa miezi ya kabla ya Mei, wanafunzi huonekana kwenye barabara za eneo la viwanda la Thika wakiwa na bahasha za kaki mkononi, wakitafuta nafasi ya kujifunza kazi. Ndani kuna barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala ya kitambulisho, wasifu na cheti cha bima. Wengi huziacha kwa soja wa langoni na kuondoka bila kumwona mtu wa idara wanayoitaka. Anayepata nafasi mara nyingi ni yule ambaye shangazi yake anafanya kazi ndani, au aliyesoma na mtoto wa meneja.

Wiki kumi na mbili za nini?

Kwa lugha ya magazeti shughuli hiyo huitwa mafunzo ya nyanjani. Wanafunzi wenyewe husema wanatafuta atachimenti. Kwa wanaosomea stashahada katika vyuo vya kiufundi, kawaida ni miezi mitatu. Vyuo vikuu navyo hutenga wiki nane hadi 12, mara nyingi katika likizo ndefu ya Mei hadi Agosti. Mwanafunzi hupewa kitabu cha kumbukumbu, wao hukiita logibuku, aandike kila siku alichofanya. Msimamizi wa kazini hutia sahihi kila wiki. Mhadhiri huja kumkagua mara moja au mbili, huandika alama, na mambo yakaisha.

Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro. Kasoro imo katika kinachohesabiwa. Vyuo huhesabu wiki, si kazi. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme aliyekaa wiki 12 akipanga mafaili na kutumwa chai atapata sahihi ile ile anayopata mwenzake aliyefunga nyaya za mota, akaiwasha, akaona inazunguka kinyume, akatafuta kosa na kulirekebisha. Mbele ya mwajiri wa kwanza, tofauti yao hujitokeza kabla ya saa sita mchana.

Uzoefu huanza siku mwanafunzi anapokabidhiwa kazi ambayo ikiharibika ataulizwa yeye. Kabla ya siku hiyo yeye ni mgeni anayetembezwa. Kazi yenyewe inaweza kuwa ndogo, kama kupima uzito wa katoni za zamu nzima, kukagua joto la mtambo wa kuchemshia maziwa kila baada ya nusu saa, au kufunga hesabu za duka jioni. Kinachomkomaza ni kwamba kuna mtu anayengojea matokeo, na kwamba kosa lake lina gharama.

Sekta ya afya imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Hospitali ya Thika Level 5 hupokea wanafunzi wa udaktari na fani nyingine za tiba kutoka Chuo Kikuu cha Mount Kenya, pamoja na wale wa Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu, KMTC, ambacho kina tawi hapo Thika. Mwanafunzi wa uuguzi hahitimu kwa kuonekana wodini tu. Ana orodha ya kazi anazopaswa kuzifanya kwa mikono yake chini ya uangalizi, kama kumzalisha mama, kuchoma sindano, kufunga kidonda na kumpokea mgonjwa wa dharura, na kila moja hutiwa sahihi na muuguzi aliyeishuhudia. Hakuna mzazi wa Makongeni au Kiganjo ambaye angekubali kuhudumiwa na muuguzi aliyehesabiwa wiki tu. Lakini jamii hiyo hiyo humkubali fundi umeme ambaye hajawahi kufunga swichi iliyounganishwa na umeme wa kweli, kisha hushangaa nyumba zinapoungua.

Vyuo vilivyozaliwa karakanani

Si haki kusema kwamba elimu ya ukanda huu ilianzia vitabuni. Taasisi ya kiufundi ya Thika ina mizizi katika shule ya ufundi ya zama za ukoloni, wakati vijana walikuwa wakifundishwa useremala, uashi na ufundi wa chuma. JKUAT ilianza kama chuo cha kati kwa msaada wa serikali ya Japani. Ilijengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Rais Jomo Kenyatta, ikapokea wanafunzi wa kwanza Mei 1981, na ikazinduliwa rasmi na Rais Daniel arap Moi Machi 1982. Kazi yake ilikuwa kutoa mafundi wa kilimo, uhandisi na usindikaji wa vyakula. Ilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mount Kenya nayo ilitokana na chuo cha kompyuta kilichoanzishwa Thika na Simon Gicharu katika miaka ya 1990, kabla ya kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2011.

Kilichobadilika ni idadi. Karakana iliyotosha wanafunzi 20 haikukua kwa kasi ya madarasa. Ikiwa mashine ya kukereza chuma ni moja na wanafunzi ni 40, wawili wataishika, watano wataiona vizuri na waliobaki watasikia kelele zake. Wakati huo huo vyeti vya digrii viliongezeka na kupewa heshima kuliko vya ufundi, hata baadhi ya vyuo vya kati vikageuzwa vyuo vikuu. Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 ililenga kurudisha hadhi hiyo. Ndiyo iliyounda mamlaka ya kusimamia vyuo vya kiufundi pamoja na baraza la kuandaa mitaala na mitihani yake. Chini ya mtaala wa umilisi unaotumika sasa, mwanafunzi hukusanya jalada la ushahidi wa kazi alizozifanya, na mtahini huweza kumtaka afanye kazi ile tena mbele yake.

Hiyo ni hatua ya maana, ila inaegemea jambo moja ambalo chuo peke yake hakiliwezi. Ushahidi wa kazi hupatikana mahali pa kazi.

Mitambo inayowatangulia walimu

Mfano mzuri uko kwenye eneo la viwanda la Thika. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilianzishwa miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya. Kwa miongo mingi kimeunganisha malori na mabasi. Desemba 2016 gari la Volkswagen Polo Vivo lilizinduliwa hapo, na katika miaka ya karibuni kampuni ya BasiGo imeanza kuunganisha mabasi ya umeme katika kiwanda hicho. Basi la umeme halina kisanduku cha gia cha kawaida wala injini ya dizeli. Lina betri kubwa zenye umeme mkali unaoweza kuua. Fundi wake lazima ajue kwanza namna ya kuutenga umeme huo na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umetengwa, kabla hajagusa spana.

Somo hilo bado ni jipya kwa vyuo vingi nchini. Gereji nyingi za Ruiru na Githurai, ambako mabasi ya njia ya Thika hutengenezwa, bado ni za dizeli. Kwa hiyo walimu wenyewe wanahitaji kuingia kiwandani, wakae kwa wiki kadhaa, warudi chuoni wakiwa wamejifunza. Mwanafunzi akipata nafasi kwenye mstari wa kuunganisha mabasi hayo, anarudi darasani akijua jambo ambalo mwalimu wake hajaliona. Chuo chenye busara humpa nafasi awafundishe wenzake.

Kuna pia mafunzo ambayo chuo chenyewe kinaweza kuyazalisha. Kwa miaka mingi maabara ya JKUAT imekuwa ikizalisha miche ya migomba kwa njia ya tishu na kuwauzia wakulima. Kazi yake ni ya subira. Kiini cha chipukizi hukatwa, husafishwa, huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha mmea, hugawanywa na kugawanywa tena, kisha miche huzoeshwa taratibu hali ya nje ya chupa kabla ya kwenda shambani. Vimelea vikiingia chupa moja, vinaweza kuharibu kazi ya wiki nyingi. Mwanafunzi anayeshiriki humo hajifunzi bayolojia pekee. Anajifunza kwamba kuna mkulima Murang'a anayesubiri miche, aliyekwisha kuchimba mashimo. Shamba, jiko, duka la dawa, studio ya redio au karakana ya chuo inayouza bidhaa kwa wateja halisi ni mahali pa kazi kamili, na mwanafunzi hahitaji kupanda matatu kuifikia.

Upande wa pili wa barabara kuna jua kali, yaani sekta isiyo rasmi ya mafundi wa vibandani. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, liliipa sekta hii uzito ambao wapangaji wengi wa uchumi walikuwa hawajauona. Leo wachomeleaji wa milango, wapaka rangi za magari, mafundi viatu na washonaji wa Thika na Ruiru ndio walimu wa vijana wengi ambao hawakuwahi kuingia chuoni. Fundi wa jua kali hana muda wa kumtembeza mgeni. Siku ya kwanza humpa msasa. Wiki ya pili humwonyesha namna ya kushika mashine ya kuchomelea. Mwanafunzi wa stashahada anayedharau kibanda hicho kwa sababu hakina nembo mlangoni anajinyima darasa zuri, hasa anapohitaji kujua bei ya vyuma, namna ya kumkadiria mteja gharama, na namna ya kumjibu anayetaka kazi ya elfu 10 kwa elfu nne.

Kwa wanaosoma kompyuta na biashara, saiba, yaani vibanda vya intaneti, za Juja, Kimbo na Thika mjini hufanya kazi hiyo hiyo. Juni inapokaribia kuisha, foleni za wanaowasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 hufika nje. Mwanafunzi wa uhasibu anayekaa kwenye meza hiyo mwezi mzima hukutana na mwalimu mwenye mshahara mmoja, mama mwenye duka na nyumba ya kupanga, na kijana asiye na mapato ambaye hajui kwamba naye anatakiwa kuwasilisha ritani. Hakuna zoezi la darasani linalomletea mchanganyiko huo wa watu, wote wakiwa na haraka.

Nani hulipa nauli?

Kuna jambo ambalo mijadala ya elimu hulikwepa, nalo ni pesa. Nafasi nyingi za mafunzo ya nyanjani hazina posho. Mwanafunzi huendelea kudaiwa karo ya muhula huo, hulipa bima, hununua buti na ovaroli, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na mchana hula. Kama chuo kiko Thika na nafasi imepatikana Ruiru, basi huenda akalipa kodi ya vyumba viwili. Mtoto wa mwenye nacho huvumilia. Mtoto wa mchuuzi wa sokoni hulazimika kuchagua kati ya mafunzo yasiyolipa na kibarua kinacholipa jioni. Wapo wanaofanya vyote viwili. Hupakia mizigo usiku, na asubuhi husinzia mbele ya mashine ambayo haimhurumii anayesinzia.

Hivyo mafunzo haya, ambayo yangewainua watoto wa maskini, yanaweza kuwabagua. Tiba yake haihitaji mabilioni. Chakula cha mchana katika kantini ya kiwanda na nauli ya kila siku vinatosha kumfanya kijana aje kila siku akiwa na nguvu.

Fedha za mafunzo, kwa kweli, zipo kisheria. Waajiri nchini hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kiwanda chenye wafanyakazi 400 hulipa shilingi 240,000 kwa mwaka, na mwajiri anaweza kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Sheria ya Kodi ya Mapato nayo ilirekebishwa katika muongo uliopita ili mwajiri anayechukua wanagenzi wahitimu wasiopungua kumi, kwa miezi sita hadi 12, apate nafuu ya kodi ya nusu ya mishahara anayowalipa. Mwanzoni ilihusu wahitimu wa vyuo vikuu, kisha wa vyuo vya kiufundi wakaongezwa.

Nia ni njema, ila kipimo kimewakosa wengi. Nafuu hiyo humfuata aliyekwisha kuhitimu na kumwacha aliye bado chuoni. Kiwango cha watu kumi nacho huziacha nje gereji, kampuni ndogo za uhasibu, maduka ya dawa na karakana za useremala, ambako kijana hukabidhiwa kazi mapema kuliko kiwandani. Kupunguza idadi hiyo hadi mmoja au wawili, na kuiingiza miezi ya mafunzo ya nyanjani, kungewafikia waajiri ambao wapo kila mtaa.

Waliotangulia

Mwaka 1906 Herman Schneider, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianzisha mpango wa wanafunzi kupokezana kati ya darasa na kiwanda kwa zamu mwaka mzima. Ujerumani ina sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, na vijana wake hutumia siku nyingi za wiki ndani ya kampuni na siku moja au mbili shuleni, kwa muda wa miaka mitatu hivi, wakilipwa na kampuni. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973, huwapeleka wanafunzi wa uhandisi kwenye mafunzo kwa vitendo kila mwisho wa mwaka wa masomo badala ya kungoja mpaka mwaka wa mwisho.

Kenya imeuonja mfumo huo pacha wa Kijerumani. Kwa msaada wa Ujerumani, taasisi ya Thika ilichaguliwa pamoja na vyuo vya Kiambu na Nairobi kuwa vituo vya mfano, ambako mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kampuni. Somo kubwa la mfumo huo linahusu yule fundi aliye kiwandani. Kule Ujerumani fundi anayesimamia wanagenzi hufundishwa kwanza namna ya kufundisha, na hupewa muda wa kufanya hivyo. Hapa kwetu, msimamizi wa zamu hukabidhiwa wanafunzi watatu Jumatatu asubuhi huku lengo lake la uzalishaji likiwa halijapunguzwa hata katoni moja. Akiwapa ufagio, hana roho mbaya. Hajapewa nafasi ya kufanya lingine.

Hofu za waajiri pia ni za kweli. Mtambo wa kiwanda hukata vidole. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humwajibisha mwenye mahali pa kazi kwa usalama wa watu waliomo, na ajali ya mwanafunzi huleta maswali mazito. Ndiyo maana bima imekuwa sharti, na ndiyo maana wiki ya kwanza ya mafunzo yoyote lazima iwe ya usalama. Mwanafunzi aonyeshwe kitufe cha kuzimia mashine kiko wapi, akimbilie mlango gani kukiwa na moto, na nani anaruhusiwa kufungua jokofu la amonia. Chuo kinachompeleka mwanafunzi kiwandani bila kumfundisha hayo hakimtendei haki yeye wala mwenyeji wake.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Katika karakana nyingi za magari na chuma, mwanafunzi wa kike huwa peke yake kati ya wanaume 20. Wengine hunyimwa kazi nzito kwa kisingizio cha kuwahurumia, wakamaliza miezi mitatu bila kushika chombo. Wengine hukutana na msimamizi anayetaka malipo ya aibu ili atie sahihi. Kila chuo kinapaswa kumpa mwanafunzi nambari ya simu ya mtu mmoja, mwenye mamlaka ya kumhamisha siku hiyo hiyo bila kumpotezea alama.

Kabla ya bahasha ya kaki

Wakati wa ujenzi wa barabara kuu ya Thika, kati ya mwaka 2009 na 2012, kilomita 50 za lami, madaraja na njia za chini zilipita kandokando ya vyuo hivi. Kipande cha kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta hadi Thika kilijengwa na kampuni ya Sinohydro ya China. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi aliyekuwa Juja miaka hiyo aliweza kuona tabaka za barabara zikishindiliwa moja baada ya nyingine kila alipotoka chuoni. Kuona si haba, ila mradi wa aina hiyo hautokei mara mbili katika maisha ya mwanafunzi. Mikataba ya miradi ya umma ingefaa kutaja wazi wanafunzi wangapi wa vyuo vya jirani watachukuliwa, katika idara gani, na kwa posho gani, kama inavyotaja mifuko ya saruji.

Mwanafunzi naye hatakiwi kukaa akingoja mkataba wa mtu. Mwaka wa kwanza, kabla hajahitaji sahihi ya yeyote, anaweza kuomba Jumamosi za kusaidia katika gereji, shamba, duka au zahanati ya mtaani. Anaweza kufanya jaribio la ufundi la NITA, kuanzia daraja la tatu, akiwa bado chuoni, akahitimu akiwa na vyeti viwili. Anapoandika barua ya kuomba nafasi, aeleze kazi moja au mbili anazoziweza tayari na idara anayotaka, kwa kuwa meneja husoma barua nyingi zinazofanana. Akifika kazini, aandike logibuku kwa maelezo kamili: alifanya nini, kwa kipimo gani, kipi kilikwama na kilitatuliwaje. Aliyeandika "nilisaidia idara ya umeme" hatakumbuka chochote mwaka ujao. Aliyeandika kwamba alibadilisha bearingi za mota ya kilowati saba, na kwamba sauti ilibaki mpaka alipokaza mkanda, ana la kusema mbele ya jopo la ajira. Na mwezi wa pili ukiisha bila kukabidhiwa kazi yoyote, aende kwa msimamizi kwa adabu na kuomba moja, akiitaja.

Vyuo vina wajibu wa kuacha kuwatuma wanafunzi barabarani kama wachuuzi wa bahasha. Ofisi ya mafunzo ya nyanjani inapaswa kuwa na watu wanaovijua viwanda na majina ya mameneja wake, wanaokwenda wenyewe kuomba nafasi muhula mmoja kabla, na wanaopeleka orodha ya kazi ambazo kila mwanafunzi lazima azifanye. Mhadhiri anayekwenda kukagua aombe kuonyeshwa kazi ikifanyika, si kitabu kilichojazwa vizuri.

Wenye viwanda na biashara za Ruiru, Juja na Thika ndio wenye ufunguo wa mwisho. Wengi wao hulalamika, na wana haki, kwamba wahitimu wanaokuja kuomba kazi hawajui kazi. Wahitimu hao walikuwa langoni kwao miaka miwili iliyopita wakiomba kufundishwa. Kila mwajiri na atangaze mapema, kwa maandishi, nafasi ngapi anazo kila muhula, amteue fundi mmoja wa kuwasimamia na kumpunguzia lengo la siku, awalishe mchana, na amkabidhi kila mwanafunzi kazi moja ya kwake kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Hilo linaweza kuanza Mei ijayo bila kusubiri sheria mpya.